Kufunga kadi ya mkopo: Je, kushuka kwa alama ni dharura?

Mpwa wangu anayeishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, alinipigia simu usiku mmoja nikiwa nimetoka kuswali Isha. Baada ya salamu akasema: “Mjomba, nimeamua kuachana na riba. Nataka kufunga kadi zangu za mkopo. Lakini ndugu zangu wa msikitini wananiambia nisifunge, alama zangu zitashuka na nyumba ya kupanga sitapata. Wanasema hiyo ni dharura.”

Neno hilo dharura ndilo lililonikosesha usingizi. Siku hizi limekuwa jepesi mno vinywani mwetu.

Ndugu msomaji, kule Marekani kila anayekopa hupewa alama. Zinazotumika zaidi ni za FICO, zilizoanza mwaka 1989, na huanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 hutokana na kulipa kwa wakati, 30 hutokana na kiasi unachodaiwa, na 15 hutokana na umri wa historia yako ya kukopa. Mwenye nyumba huziangalia, na katika majimbo mengi hata kampuni za bima ya gari huzitumia.

Mpwa wangu ana kadi mbili. Moja kikomo chake ni dola 2,000, nyingine dola 3,000. Anadaiwa dola 1,000 kwenye ile ya kwanza, na ya pili haina deni. Kwa hiyo ametumia asilimia 20 ya kikomo chote. Akiifunga ile isiyo na deni, kikomo kinabaki dola 2,000, na deni lile lile linageuka kuwa asilimia 50. Hakukopa hata senti, ila kwa hesabu za wenzetu ameonekana mtu aliyezidiwa na madeni! Hapo waliomuonya walisema kweli.

Lakini hawakumaliza maneno. Akaunti iliyofungwa ikiwa haina doa hubaki kwenye kumbukumbu hadi miaka 10, na FICO huendelea kuuhesabu umri wake. Na ile asilimia 50 inadumu kadiri deni linavyodumu. Akilipa, inaondoka. Basi tujiulize: hasara ya miezi michache, ambayo dawa yake ni kulipa deni ambalo ni wajibu kulilipa hata hivyo, tunaiwekaje safu moja na mtu anayekufa kwa njaa akaruhusiwa nyamafu?

Kuna jambo zito zaidi. Mtu akiachana na mikopo kabisa, asiwe na akaunti yoyote iliyotolewa taarifa ndani ya miezi 6, FICO haimpi alama ya chini. Haimpi alama yoyote. Mshahara wake hauhesabiwi, wala akiba aliyoweka benki. Anayedaiwa na kulipa kidogo kidogo ana jina, na asiyedaiwa na mtu hajulikani. Huo ndio uaminifu wanaoupima?

Sisemi kwamba kuweka kumbukumbu za madeni ni kosa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur’an, ya 282 katika Suratul Baqara, inaamrisha deni liandikwe. Na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri. Lakini huyo huyo Mtume (S.A.W.) alikataa kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipolibeba. Kwetu deni ni mzigo ambao mtu husaidiwa kuutua. Wao wamelifanya cheti cha tabia njema.

Na huku kwetu tusiwacheke. Anayekopa kwa simu kila wiki na kulipa huongezewa kikomo, naye hujisifu nacho barazani. Nchini Kenya watu walikuwa wakiorodheshwa kuwa wadaiwa sugu kwa vijisenti vya mikopo ya simu, hadi mwaka 2020 Benki Kuu ilipozuia kuorodhesha deni lisilofika shilingi 1,000.

Wapo wanazuoni wa nchi za Magharibi wanaoruhusu kadi kwa anayelipa yote kabla riba haijaingia. Siwabezi, wanaishi na watu wenye shida hizo. Lakini Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, lilipokutana Riyadh mwaka 2000, lilikataa kadi yenye sharti la riba hata kama mwenye kadi amenuia kulipa mapema, na mimi naegemea huko. Anayetia saini sharti la riba amelikubali, hata kama anatumaini halitamfika.

Nilimwambia mpwa wangu aanze na ile dola 1,000, kwa sababu kufunga akaunti hakufuti deni wala hakusimamishi riba yake. Akimaliza, afunge zote mbili. Mwenye nyumba ampelekee stakabadhi za kodi alizolipa na barua ya mwajiri, na akitakiwa kuweka dhamana kubwa zaidi, aweke. “Na wakinikatalia, mjomba?” Nikamwambia atafute nyumba nyingine. Najua ni rahisi kwangu kusema hivyo nikiwa Dar es Salaam.

Wiki iliyopita amenieleza kuwa amebakiza dola 350, na ile kadi ya pili ameikata kwa mkasi. Nikamuuliza kama ameiandikia benki. Akasema bado. Basi alichokata ni plastiki, mkataba ungali hai.