Wale Wengine Wako Wapi?

Kuna swali moja kwenye hadithi ya Odysseus ambalo wasomaji wengi hulipita mbio, kwa sababu linaulizwa mwishoni kabisa, wakati tumeshachoka na tumeshafurahi. Jamaa amefika nyumbani. Baada ya miaka 20, kumi ya vita vya Troy na kumi ya kuhangaika baharini, ameua wanaume 108 waliokuwa wakila mali yake na kumtaka mkewe, na amelala kwenye kitanda chake mwenyewe. Halafu, kwenye kitabu cha 24, mzee mmoja anaitwa Eupeithes anasimama mbele ya watu wa Ithaca akilia. Mwanawe, Antinous, ndiye aliyeuawa wa kwanza. Lakini mzee haanzi na mwanawe. Nikiyaweka kwa maneno yangu, anasema: huyu mtu alichukua vijana wetu akaondoka nao kwa meli, akapoteza meli, akapoteza na vijana, sasa amerudi kutumalizia waliobaki.

Wawili wanamjibu. Mmoja anasema mungu alikuwa upande wa Odysseus, amemwona kwa macho yake. Mwingine anawalaumu wazazi kwa kutowakanya watoto wao. Kuhusu meli hakuna anayesema kitu. Kidogo tu baadaye Eupeithes anachomwa mkuki, na Zeus anaamua kwamba watu wa Ithaca wasahaulishwe vifo vya wana na ndugu zao ili amani irudi. Mkenya yeyote anaijua hiyo lugha. Tukubali, tusonge mbele.

Mimi nilisoma hadithi hii mwaka wa pili chuoni, kabla karo haijaniishia, na wakati huo nilikuwa upande wa Odysseus kabisa. Nani asingekuwa? Mjanja, maskini wa bahati, anatoboa kila mahali. Nimeisoma tena mwaka huu na nikajikuta nimekaa na Eupeithes.

Tupige hesabu. Odysseus aliondoka Troy na meli 12. Mwanzoni kabisa mwa utenzi tunaambiwa kwamba watu wake waliangamia kwa upumbavu wao wenyewe, walipokula ng'ombe wa Jua. Sawa. Lakini meli 11 kati ya hizo 12 ziliangamia mapema, kwenye bandari ya majitu ya Laestrygonia, miezi na miezi kabla ya mtu yeyote kuonja hiyo nyama. Walioila walikuwa wa meli moja tu. Wengine wote wamebebeshwa kosa la mlo ambao hawakuwahi kuuona.

Na hapo bandarini kilitokea nini? Palikuwa mahali pazuri, maji yametulia, majabali pande zote na mlango mwembamba. Meli zote ziliingia ndani zikafungwa karibu karibu. Odysseus peke yake alifunga ya kwake nje, kwenye mwamba. Kwa nini? Hasemi. Majitu yalipoanza kurusha mawe na kuwachoma watu kama samaki, alikata kamba kwa upanga akawaambia wapiga makasia wake watoke mbio. Sikatai, alifanya la maana. Lakini kama aliihofia ile bandari, mbona hakuwaambia wenzake?

Ukianza kuuliza hivyo, unaona ni tabia yake. Aeolus alimpa mfuko wenye pepo zote mbaya ndani. Hakuwaambia watu wake ni nini. Akashika usukani siku tisa bila kulala wala kumwachia mtu mwingine. Siku ya kumi Ithaca ikaonekana, hadi watu waliokuwa wakiwasha moto pwani, naye usingizi ukamshinda. Watu wake wakafikiri amewaficha dhahabu, wakafungua. Tunafundishwa kwamba hiyo ni tamaa ya mabaharia, na kweli ni tamaa. Ila sentensi moja tu ingetosha kuizuia. Baadaye Circe alimwonya kuhusu Scylla, kwamba atawanyakua watu sita. Hilo pia alilificha, wasije wakaacha makasia kwa hofu. Sita wakaliwa wakiita jina lake.

Jina lenyewe ni kesi nyingine. Pangoni kwa Polyphemus watu wake walimsihi wachukue jibini na waondoke. Yeye akataka kumwona mwenye pango, labda atampa zawadi. Sita wakaliwa huko pia. Walipotoroka, akiwa melini, akapiga kelele akataja jina lake kamili, la baba yake na la kwao, ili lile zimwi lijue ni nani amelipofusha. Nalo likamwomba baba yake, Poseidon: kama ni lazima huyu afike kwao, basi afike amechelewa, bila wenzake, kwa meli ya watu wengine. Ikawa hivyo neno kwa neno.

Sasa, haya yote tunayajua kutoka kwa nani? Kutoka kwake. Kitabu cha 9 mpaka cha 12 ni Odysseus anaongea, ameketi kwa mfalme Alcinous, amekula ameshiba, na anahitaji lifti ya kwenda nyumbani. Hakuna shahidi hata mmoja aliye hai. Eurylochus alimpinga waziwazi, akasema wale wa pangoni walikufa kwa ujeuri wa Odysseus. Odysseus akafikiria kumkata kichwa, na ni mtu waliyekuwa na undugu wa ndoa. Na kwenye simulizi, nani ndiye anayewashawishi wengine wale ng'ombe? Eurylochus huyo huyo. Imekaa vizuri sana kwa msimuliaji.

Sisemi alidanganya, ingawa akifika Ithaca anamdanganya kila mtu, hadi Athena, hadi baba yake mzee ambaye hakuwa na hatari yoyote kwake. Kinachonisumbua ni kwamba pia anajishtaki. Ya pangoni anayakiri mwenyewe: ingekuwa heri ningewasikiliza. Zamani nilidhani huo ni uungwana. Siku hizi najua unaweza kukiri kidogo mahali pamoja ili uaminiwe mahali pengine pote.

Najua kwa sababu nimefanya. Baada ya chuo kunishinda, mimi na rafiki yangu wa utotoni tulipanga chumba kimoja jijini na kufanya kazi ya kupeleka mizigo kwa pikipiki moja, kwa zamu. Asubuhi moja mvua ilinyesha, zamu ilikuwa yangu, nikamwambia nasikia homa. Sikuwa na homa. Akaenda, na hakurudi. Kwenye mazishi baba yake aliniuliza ilikuwaje. Nikamweleza barabara, mvua, lori, jinsi hospitali walivyojitahidi. Nikaongeza kwamba najilaumu kwa kutomkataza asiende haraka. Watu wakalia. Mama mmoja akanishika mkono akasema mimi ni kijana mwema. Nilisimulia vizuri, na mtu pekee ambaye angeweza kunisahihisha alikuwa kwenye sanduku.

Kwa hiyo ninapouliza kama Odysseus ana haki ya kusimulia, siulizi kama mwalimu wa fasihi. Nadhani ana haki, tena ana lazima, maana asiposema yeye hakuna mwingine. Lakini alikuwa na deni la kusema Ithaca. Kwa Alcinous alisema kwa vitabu vinne. Nyumbani, kitandani, alimsimulia Penelope usiku kucha, hata na jinsi watu wake walivyoisha. Kwa wazazi wa hao vijana hakuenda. Elpenor, yule mdogo aliyelewa akaanguka kutoka kwenye paa la Circe, alimzika kwa heshima na kusimika kasia lake juu ya kaburi. Elpenor alikuwa na nani nyumbani? Hatuambiwi, na sijaona mahali ambapo Odysseus aliwatafuta.

Mwezi uliopita nilipanda matatu nikaenda kwa yule mzee. Nilimkuta akikamua ng'ombe. Nikaanza na homa, kwamba haikuwepo. Hakuniangalia, aliendelea kukamua hadi akamaliza. Halafu akaniuliza kama kijana wake alikuwa amekula asubuhi hiyo. Nikamwambia ndiyo, chai na mandazi mawili.