Je, Kumtibu Mtoto ni Kupingana na Kadari?

Huenda ukaulizwa: mtoto akizaliwa na tundu moyoni, si Mwenyezi Mungu ndiye aliyemwumba hivyo? Basi kumtafutia tiba si kubishana na kadari Yake?

Mchimbaji wa Geita anajua kuwa dhahabu iliwekwa ardhini na Mungu, lakini hakai kitako akingoja ipande juu yenyewe. Hushuka shimoni kuitafuta. Ikiwa juhudi kwa ajili ya dhahabu si kosa, itakuwaje kosa juhudi kwa ajili ya uhai wa mtoto?

Aliyeruhusu ugonjwa ndiye Aliyeumba dawa. Katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, mrija mwembamba hupitishwa katika mshipa wa paja hadi moyoni, na kizibo kidogo hufunguka kama mwavuli kuziba tundu, bila kifua kupasuliwa. Matundu mengine hujifunga yenyewe, mengine huhitaji upasuaji. Apambanuaye ni daktari, si jirani wala mganga.

Basi mtoto mchanga achokaye na kutoka jasho anyonyapo, asiyeongezeka uzito, apelekwe hospitali mapema. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alifundisha kuwa ngamia afungwe kwanza, ndipo Mungu ategemewe. Na kutoka Geita hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000. Mzazi maskini akikosa nauli, kamba ya ngamia huyo imo mikononi mwetu sisi jirani zake. Asemaye “ni kadari” huku ameufumba mkono wake, huyo hakumtegemea Mungu. Amejificha nyuma ya jina Lake.