Mkuu Naye Ana Mkuu Wake

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" imezoeleka kuwa methali ya wakubwa. Mzazi humwonya nayo mtoto, mwalimu mwanafunzi, na makanisani huelekezwa kwa muumini aliyethubutu kuuliza fedha za ujenzi zimefikia wapi. Ikisemwa hivyo inakuwa imefafanuliwa nusu. Kwa Mkristo, anayepaswa kuisikia kwanza ni yule aliyeshika kipaza sauti, kwa kuwa naye ana Mkuu wake.

Msome Sauli. Hakuanza na kiburi hata kidogo. Alipodokezwa habari za ufalme alijitetea kwamba ametoka Benyamini, kabila dogo, na siku ya kutangazwa alikutwa amejificha penye mizigo. Hadi kufikia sura ya 15 ya Samweli wa Kwanza mtu huyo amekwisha. Ameagizwa awapige Waamaleki asibakize kitu. Ni agizo zito, na msomaji wa leo halisomi bila uchungu, lakini mwandishi anataka tumtazame mfalme. Sauli akamwacha hai Agagi, mfalme wao, akabakiza kondoo na ng'ombe walionona. Wanyama wanyonge ndio wakaangamizwa. Kisha akaenda Karmeli kujisimamishia mnara wa ukumbusho.

Usiku ule nabii Samweli alikesha akimlilia Mungu. Walipokutana Gilgali, Sauli akawahi kusema: neno la Bwana amelitimiza. Kumbe nyuma yake kondoo wanalia! Samweli akamuuliza milio hiyo ni ya nini, naye akajibu kwamba watu ndio waliowabakiza, tena kwa ajili ya kumtolea Mungu sadaka.

Jibu hilo ningependa kila mchungaji, padri na askofu alisome akiwa peke yake. Lawama imetupwa kwa watu, na uasi umevishwa joho la ibada. Hakuna anayejua kuvisha hivyo kama kiongozi wa dini, maana maneno matakatifu anayo mdomoni tayari: gari ni la huduma, ugomvi na mwenzake ni vita vya kiroho, na anayehoji ana roho ya uasi. Hatimaye Sauli alikiri kuwa aliwaogopa watu, lakini papo hapo akamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee. Toba yake ilikuwa bado inatafuta kiti cha mbele.

Mfalme Daudi alitenda baya zaidi. Alimchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani. Nabii Nathani alimwendea na kisa cha maskini aliyenyang'anywa mwanakondoo wake wa pekee, Daudi akawaka hasira, na Nathani akamwambia mnyang'anyi huyo ni yeye. Daudi angeweza kumwita mlinzi. Badala yake alikubali kosa bila kumtaja mwingine, na adhabu ikamfuata vilevile nyumbani mwake. Hapo ndipo ninapoupimia unyenyekevu wa kiongozi: anavyompokea aliyekuja kumkosoa. Sauti ya upole na kuinamisha kichwa wakati wa sala hata Sauli aliviweza.

Wapo watakaosema mtiwa mafuta wa Bwana haguswi. Kweli, Daudi mwenyewe alikataa kumuua Sauli pangoni Engedi, na hata kukata upindo wa vazi lake kulimchoma moyo. Lakini alipotoka pangoni alimwita kwa sauti na kumweleza waziwazi anavyomdhulumu. Alimhifadhi mfalme, wala hakuuhifadhi uovu wake.

Methali hii ina upande mwingine mgumu zaidi. Je, anayesikia la Mkuu hubaki na guu zima? Janani Luwum aliokoka mwaka 1948 katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ambamo ndugu walizoea kuungama dhambi zao mbele ya wenzao, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin kupinga mauaji na uonevu wa askari. Tarehe 16 mwezi huohuo aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Luwum alikuwa na wakuu wawili waliomwamuru mambo yasiyopatana, naye alijua yupi wa kusikilizwa. Utii wake haukumkinga na risasi. Yesu naye aliomba Gethsemane kikombe kimwepuke, akayakubali mapenzi ya Baba, na kesho yake akasulubiwa. Kwa hiyo anayewahubiria waumini kwamba utii huleta usalama na mafanikio, na awaeleze pia habari za Mucwini, kijiji alikozikwa Luwum.

Ninyi wazee wa kanisa na halmashauri za walei, mnaosikia kondoo wakilia huku mkiambiwa agizo limetimizwa, ulizeni. Ulizeni kwa heshima, faraghani kwanza, mkiwa mmekesha katika maombi kama Samweli. Nawe mchungaji, wakikujia, usiwaulize nani amewatuma. Wakaribishe waketi, uwasikilize hadi mwisho.