Maji Yakipwa Jambiani

Tunaozungumzia elimu ya msingi tuna imani moja tusiyoihoji: mtoto atapenda somo akifundishwa anachokijua. Basi matofaa ya kitabu cha hesabu yanageuzwa maembe, treni inakuwa daladala, nasi tunaridhika kwamba mazingira yameingia darasani. Hayajaingia. Kujumlisha maembe matano na matatu kunachosha vilevile.

Kitu asichokijua kabisa, mtoto hakiulizi. Anachokijua chote hana haja ya kukiuliza. Shauku hukaa katikati, kwenye kile anachokiona kila siku na bado hajui kwa nini kiko hivyo. Thamani ya mazingira ya nyumbani iko hapo: yamejaa mambo anayoyajua nusu.

Mchukue mtoto wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Mama yake analima mwani, kilimo kilichoanza huko mwaka 1989, na huteremka baharini maji yakipwa. Mtoto huyu anajua kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Anajua pia kwamba maji yakipwa leo saa nne asubuhi, kesho mama atatoka akiwa amechelewa kidogo. Kidogo kiasi gani? Kama dakika 50. Na kwa kuwa maji hupwa mara mbili kwa siku, ni baada ya siku ngapi yatakupwa tena saa nne ile ile ya asubuhi? Akikokotoa atapata takriban 15, ndizo siku zilizopo kati ya bamvua na bamvua. Hesabu ya kugawanya imemfikisha mwezini, na swali la mwezi unayavutaje maji atalileta mwenyewe, bila kubembelezwa.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka mashamba ya shule yawe sehemu ya masomo. Shule nyingi zilishika jembe zikaacha swali, hata jembe likawa adhabu ya wachelewaji. Ngoma nayo tumeifanyia hivyo hivyo: inatolewa mgeni rasmi akija, kisha inafungiwa stoo, na hakuna aliyeuliza kwa nini ngozi huwambwa tena kwa moto kabla ya kupigwa.

Wapo wanaohofia kwamba elimu ya namna hii itamfunga mtoto kijijini. Mbona nguvu inayoyavuta maji ya Jambiani ndiyo inayoyapandisha ya mto Thames, katikati ya London?

Mwalimu wa pwani, kabla hujaandaa somo la kesho, tazama mwezi una siku ngapi tangu uandame.