Kutu Iliyo Ndani

Mtu akitaka kuifufua nyumbani Land Rover ya zamani, gari lililoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, na ajue hili: bodi yake ni ya alumini, haishiki kutu, bali chesi iliyo chini, ibebayo vyote, ni ya chuma, nayo huliwa toka ndani. Fundi mwenye akili huigonga kwanza kwa nyundo, hukata palipooza, huchomelea chuma kipya. Ndipo atie injini yenye nguvu zaidi, na rangi mwisho. Asiyefanya hivyo, mteremko wa Shighatini utamfunua, na abiria wataumia pamoja naye.

Nasi je? Jumapili twavaa vizuri na kuimba, huku kinyongo juu ya ndugu chatula kwa siri, na watoto wetu waumia. Someni Mathayo 23:25-28. Tumwache Bwana agonge, akate, aunge. Ndipo tukaribie meza yake. Amina.