Mbio Ndefu na Siku ya Kupumzika

Je, mtu anayejichosha kwa hiari amepumzika? Swali hili limepata uzito tangu safari za mwisho wa juma zianze kupangwa kwa kufuata kalenda ya mbio ndefu. Mfano ulio wazi zaidi Tanzania ni Kilimanjaro Marathon, iliyoanza mwaka 2003. Wakimbiaji hufika Moshi Ijumaa au Jumamosi, hulala hotelini au gesti, Jumapili alfajiri hukimbia kilomita 42 au 21 chini ya mlima, kisha hurudi kazini wakichechemea. Wanachokiita mapumziko huwatoa jasho zaidi kuliko wiki nzima ya ofisini.

Aristotle, katika kitabu cha kumi cha maadili yake, alitenga mchezo na wasaa. Mchezo kwake ni dawa ya uchovu, humrudisha mtu kazini akiwa na nguvu. Wasaa ndio lengo lenyewe, na kazi hufanywa ili upatikane. Kwa kipimo hicho, mbio za kilomita 42 si dawa, maana zinaongeza uchovu. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake cha mwaka 1978, alilieleza jambo hilo kwa njia nyingine: kucheza ni kujitwika kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima. Anayepanda vilima vya Manyovu, mkoani Kigoma, kwa mbio, ilhali bodaboda zipo, anatafuta kile kilima chenyewe. Maelezo ya Suits yanatosha zaidi, ila yameegemea neno moja, hiari, ambalo katika nyanda za juu za Kigoma halichukuliwi kirahisi.

Huko Kasulu na Kibondo mwendo mrefu una historia yake. Chemchemi za chumvi za Uvinza zimetumika kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi hiyo ilisafirishwa mbali kwa vichwa na mabega ya watu. Wakati wa ukoloni, wanaume wengi wa Buha, nchi ya Waha huko Kigoma, walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, wengi wao wakisukumwa na kodi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, na tena kuanzia mwaka 2015, Warundi walivuka mpaka kwa miguu wakiwa na watoto mgongoni. Wakongo nao walifunguliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, mwaka 1996. Miguu ya watu hao ilikwenda umbali ambao mkimbiaji hulipia kiingilio ili aukimbie, lakini hakuna aliyewavisha medali, na haingefaa kuwavisha. Kinachotofautisha mienendo hiyo miwili si kilomita. Mkimbiaji anaweza kusimama, akapanda gari na kwenda kuoga.

John Stephen Akhwari, mwanariadha kutoka Mbulu, yuko karibu na mpaka wa hiari na lazima. Katika marathoni ya Olimpiki huko Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, alianguka na kuumia goti, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa huru kuacha, kama walivyoacha wengine wengi siku ile, na heshima aliyopewa inatokana na uhuru huo.

Kuhusu siku yenyewe ya mbio, Buha ina kalenda zaidi ya moja. Kasulu ni makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana, iliyoanzishwa mwaka 1966. Wakatoliki wana hospitali Kabanga, Waadventista Wasabato wana yao Heri, na Waislamu wapo pia. Mbio za Jumamosi humfungia nje Msabato, ambaye siku yake huanza jua likizama Ijumaa. Za Jumapili asubuhi hugongana na ibada na misa. Ijumaa ni nyepesi zaidi kuliko inavyodhaniwa: Surat al-Jumu'a inaamuru biashara iachwe wito wa sala unaposikika, kisha inawaruhusu watu watawanyike kutafuta riziki. Mwanariadha Eric Liddell wa Uskoti alikataa mchujo wa mita 100 katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa kuwa uliangukia Jumapili, akashinda mita 400 kwa sekunde 47.6. Husifiwa mno katika mjadala huu, ingawa yeye hakuuliza kama kukimbia ni kupumzika. Aliuliza ni siku ya nani.

Kinachosahaulika ni upana wa amri ya Sabato. Katika Kutoka na Kumbukumbu la Torati, hawaamriwi kupumzika wenye nyumba peke yao, bali pia mtumishi, mnyama wa kazi na mgeni aliye ndani ya malango. Basi wikiendi ya mbio haipimwi kwa misuli ya mkimbiaji. Nyuma yake kuna mama lishe aliyewasha moto usiku, mfagizi wa gesti, kijana wa kugawa maji, askari wa barabarani. Tena kuna mgeni: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 humtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa, na kutoka ni kwa kibali. Mbio zinazopita karibu na kambi kama Nyarugusu zinapita mbele ya watu ambao mwendo wao wenyewe unahitaji ruhusa.

Pingamizi lipo, na ni zito. Mama lishe huyo huenda akauza zaidi siku moja kuliko wiki mbili, na kumwambia apumzike ni kumnyima mavuno. Mapokeo ya Kiyahudi na ya Kikristo yamekubali tangu zamani kuwa kuokoa uhai na kuhudumia wagonjwa hakuvunji siku, hivyo muuguzi na mgawa maji hawana hatia. Chakula kinaweza kupikwa siku ya kuamkia, kama Wasabato wengi wafanyavyo. Mbio za alasiri ya Jumapili, wakati wa kiangazi kati ya Juni na Septemba, huwaachia Wakristo ibada yao na Wasabato siku yao. Linalobaki bila jibu la kukubalika na wote ni nauli ya bodaboda: kwa dereva ni kazi kamili, na kwa abiria ni sehemu ya mapumziko.