Mvua Inyeshayo Pasipo Mtu

Ayubu 38:25-27, Marko 1:13 na 35.

Someni kwanza maneno hayo katika Biblia zenu, kisha tuyafikiri pamoja.

Mungu alipomjibu Ayubu, hakumweleza sababu ya taabu zake, bali alimwuliza habari za nyika. Ni nani aipelekeaye mvua nchi isiyokaa watu, hata majani yakachipuka mahali pasipo mkulima wala mchungaji? Ayubu hakuweza kujibu. Nasi tumezoea kuiita nchi ya namna hiyo nchi ya bure, kwa kuwa haina shamba wala nyumba. Lakini Mungu huinyeshea mvua yake. Basi machoni pake si ya bure.

Nyika kama hiyo iko karibu nasi. Mtu akitoka Iringa kwenda upande wa magharibi hushuka kutoka nchi ya baridi hata nchi kavu ya mibuyu, na huko hupita mto Ruaha Mkuu. Maji yake hutoka katika milima ya Uporoto na Kipengere, hukusanyika katika mbuga za Usangu upande wa Mbeya, hupita kinamasi kikubwa cha Ihefu, ndipo huendelea katika Hifadhi ya Ruaha, iliyowekwa mwaka 1964. Wakati wa kiangazi tembo na nyati huutegemea mto huo, na kiboko hana makao pengine.

Mwaka 1993, wakati wa kiangazi, mto ukakoma kutiririka ndani ya hifadhi. Tangu hapo umekatika karibu kila mwaka. Viboko husongamana katika vidimbwi vya matope, na samaki hufa. Sababu kubwa ni mikono yetu sisi wanadamu. Huko juu maji huingizwa katika mifereji ya mpunga, na mifereji mingine huachwa wazi hata baada ya mavuno, maji yakatapakaa mashambani na kukaushwa na jua. Tena ng'ombe wengi walilishwa katika Ihefu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu, na wengi walipata hasara na machozi. Hata hivyo mto uliendelea kukauka. Basi tusimtwike mfugaji peke yake lawama iliyo yetu sote.

Labda ndugu mmoja wa Mbarali atasema, “Mwalimu, je, maji ni ya kiboko au ya watoto wangu?” Ndugu yangu, swali lako ni la haki. Mpunga wako ni kipawa cha Mungu, naye hapendi watoto wako walale njaa. Lakini soma Kutoka 23:11. Mungu aliwaagiza Waisraeli waipumzishe nchi mwaka wa saba, maskini wapate kula, na masazo yao wayale wanyama wa mwitu. Mnyama naye amewekewa fungu lake. Hukuagizwa kuacha kulima, bali kufunga mfereji shamba likiisha kushiba, ili yaliyosalia yarudi mtoni. Maji yapoteayo katika shamba lililokwisha kuvunwa hayamlishi mtoto wala kiboko.

Tena liko jambo la roho zetu. Eliya aliisikia sauti ya Mungu mlimani Horebu, alipokuwa peke yake. Yesu alikaa nyikani siku arobaini pamoja na wanyama wa mwitu, na baadaye aliamka kabla ya mapambazuko akaenda kuomba mahali pa upweke. Ikiwa Mwana wa Mungu alihitaji mahali palipo kimya, sisi je? Mtu asimamaye peke yake kando ya mto wa nyikani hujua kwamba ulimwengu haukuanza naye, wala hautegemei kelele zake. Hapo hujifunza kunyenyekea, na maombi yake huwa mafupi na ya kweli. Tukiisha kulima kila bonde na kukausha kila mto, watoto wetu watajifunzia wapi?

Kwa hiyo, wainjilisti na wazee wa sharika, semeni habari hii mnapokutana na wenye mashamba. Na kila mmoja wetu achague asubuhi moja mwezi huu, aende peke yake msituni au kando ya mto, akae kimya mbele za Mungu. Akirudi, na auangalie mfereji wake.

Bwana atujalie kuchukua kilicho chetu na kuacha kilicho cha wengine. Amina.